UZI: Vyakula rahisi vya kusindikizia na biskuti za nyumbani kwa siku ya kukusanyika

Mwiko Mrefu:

Wakuu na akina mama wa jukwaa, heshima zenu.

Kila ikikaribia siku ya watu kukutana, swali ni lile lile: "Nipike nini cha pembeni kisichonitesa?" Nimeona nilifungulie uzi wake, tuache kujibizana vipande vipande kwenye nyuzi za watu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga apinge kwa nafasi. Chakula cha kusindikizia watu wengi hakichaguliwi kwa utamu peke yake, kinachaguliwa kwa uvumilivu. Kinapikika jana? Kikipoa kinabaki chakula au kinageuka adhabu? Viazi vya kukaanga ni vitamu, hilo halina mjadala, lakini dakika chache nje ya mafuta vimeshalegea, na wewe umebaki jikoni na awamu ya tatu huku wenzako wanacheka sebuleni. Kwangu havipiti.

Saladi ya viazi inapita, tena kwa alama za juu. Kata viazi vipande vinavyolingana, vianzishe kwenye maji baridi yenye chumvi. Ukivitumbukiza kwenye maji yanayochemka, nje huiva na kuanza kumeguka wakati ndani bado kugumu. Uma ukipenya bila ubishi, chuja, viache vipumue mvuke, halafu vinyunyizie siki vingali vya moto: vijiko viwili vya chakula kwa kilo moja. Kiazi cha moto kinanyonya, kilichopoa kinapakwa juu juu tu. Mayonezi isubiri mpaka vipoe kabisa, la sivyo inakatika na kuwa mafuta. Kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, haradali kijiko kimoja, pilipili manga. Ikilala usiku mmoja kwenye friji ndipo inakuwa saladi kweli.

Kabichi nayo, ila adui yake ni maji. Chumvi ya kwenye mchanganyiko huyavuta taratibu, ndiyo maana saladi iliyopendeza asubuhi, mchana inaogelea. Dawa ni kuyatoa mwenyewe mapema: kata nyembamba, nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, acha kama saa nzima, kisha kamua kwa mikono bila huruma. Utashangaa kinachotoka. Baada ya hapo weka karoti, mafuta, siki au limau, sukari kidogo. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja.

Mboga za kuoka (karoti, maboga, koliflawa, pilipili hoho) zinahitaji oveni ya 200 hadi 220 na trei yenye nafasi. Zikibanana zinatoa mvuke na kujichemsha zenyewe, hazipati ile rangi. Afadhali trei mbili zenye uwazi kuliko moja iliyosheheni. Zinalika hata zikiwa vuguvugu, na hapo ndipo zinaponifurahisha.

Saladi ya tambi ni rahisi mno, sina maneno mengi. Ipike laini kidogo kuliko unavyoipenda ikiwa ya moto, kwa sababu wanga ukipoa unakaza, na bakiza robo ya mchuzi wa kumwagia dakika za mwisho maana tambi hunywa.

Biskuti: shikeni namba moja, mbili, tatu. Sukari sehemu moja, siagi mbili, unga wa ngano tatu, kwa uzito. 100 g, 200 g, 300 g na chumvi chembe. Hakuna yai wala bekingi pauda. Lainisha siagi na sukari, tia unga, kusanya tu bila kukanda, viringisha kama bomba, weka kwenye friji, kisha kata vipande na uoke kwa 170 mpaka kingo zianze kupata rangi. Kwa unene wa chini kidogo ya sentimita moja ni kama dakika 15 hadi 18. Humo humo unatia ganda la limau lililokunwa, iliki, kakao au ufuta, kila bomba na ladha yake.

Haya, tiririkeni.

Mzee wa Kulamba Sufuria:

Naweka kigoda hapa. Mimi sipiki, ila nina uzoefu mkubwa wa kuonja.

Bado Najifunza:

Mkuu Mwiko, asante kwa madini. Swali langu ni la biskuti. Nikizitengeneza huwa zinaingia kwenye oveni zikiwa duara nzuri, zinatoka zimeungana zote, bapa, nyembamba. Unga nao napima kikombe kimoja kimoja kama wanavyoelekeza. Tatizo liko wapi?

Fundi wa Unga:

Dada Bado Najifunza, hapo wewe na oveni mnashindana nani aanze: siagi kuyeyuka au unga kukaza. Siagi inayeyuka ikifika nyuzi 32 hadi 35 hivi, yaani chini ya joto la mwili wako. Unga na yai vinakaza baadaye sana. Donge likiingia likiwa tayari limelainika, siagi inakimbia kabla ya ukuta kujengeka. Kwa hiyo la kwanza ni ubaridi: donge likae kwenye friji angalau nusu saa, na lililokwisha kukatwa lirudishwe tena dakika kumi kama jiko lina joto.

La pili ni trei. Wengi wanatoa awamu ya kwanza na kupanga ya pili kwenye trei ile ile inayofuka moto. Zile zinaanza kuyeyuka hata mlango haujafungwa. Tumia trei mbili kwa zamu. Na usiipake mafuta, weka karatasi ya kuokea.

La tatu ni hicho kikombe. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kijiko na kusawazishwa kina kama 120 g. Ukikichovya moja kwa moja ndani ya mfuko na kushindilia kinaweza kufika 150 g. Huyo aliyeandika maelekezo alichota vipi, hujui. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ugomvi huu wote.

Halafu kuna sukari. Watu wanaiona kama kiungo kikavu, lakini ndani ya oveni inayeyuka na kuwa kimiminika, kwa hiyo ukiongeza sukari umeongeza kutandaa. Bekingi soda nayo ikizidi inaongeza kutandaa na rangi ya kahawia, na inaacha ladha ya sabuni mdomoni.

La mwisho, soma kopo la majarini. Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 hivi na maji asilimia 16 hadi 18. Ile majarini laini ya kupaka mkate, hasa iliyoandikwa "imepunguzwa mafuta", inaweza kuwa na maji karibu nusu yake. Ukiitumia kwenye moja mbili tatu ya Mwiko Mrefu, hupati biskuti ya kumeguka, unapata kitu kama mkate uliokata tamaa. Majarini ngumu ya kuokea yenye mafuta asilimia 80 inafaa, ingawa ladha ya siagi haina mbadala.

Oka moja ya majaribio kwanza kabla ya trei nzima. Ikitandaa, kanda vijiko viwili vya unga kwenye donge lililobaki, rudisha kwenye friji.

Chumvi Kidogo:

Naunga mkono kwa sehemu kubwa, ila hapo kwenye mayonezi naweka pingamizi. Saladi ya viazi yenye mayonezi kwenye meza ya watu wengi, tena mchana, ni kuwatafutia watu matumbo. Mimi ni mafuta na siki tu, basi.

Mwiko Mrefu:

Mkuu Chumvi, mafuta na siki ni tamu pia, sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki. Sina ugomvi. Lakini mayonezi inaonewa. Wenye ujuzi wa kazi hizi waje.

Zamu ya Jikoni:

Nimefika. Nafanya kazi ya kupikia hafla, na hili tunalisemea kila siku.

Mayonezi ya dukani ina siki au limau ya kutosha kuwabana bakteria wengi. Kinachoharibika kwenye ile bakuli ni viazi na mayai ya kuchemsha, ambavyo havina asidi ya kujilinda. Ukiondoa mayonezi ukabakiza viazi na mayai juani, hatari iko pale pale. Mayonezi ya kusagia nyumbani kwa yai bichi ni hadithi nyingine, maana yai bichi linaweza kubeba salmonela. Hiyo kwenye mkusanyiko wenye watoto, wazee au wajawazito mimi siiweki kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za chakula salama mwaka 2001, na mojawapo inatuhusu hapa moja kwa moja: cha baridi kikae chini ya nyuzi 5, cha moto kikae juu ya 60, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Siku ya joto kali, juu ya nyuzi 32, wengine wanashusha mpaka saa 1. Kivitendo maana yake ni kwamba usitoe bakuli lote kubwa. Gawa katika mawili, moja mezani na moja kwenye friji, ukibadilisha. Bakuli la mezani likalie juu ya sinia la barafu. Na ukijaza, leta bakuli jipya, usimwagie kipya juu ya cha zamani.

Sasa wali. Watu wanaogopa mayonezi, wali hawauogopi. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi anaamka, anazaliana na kuacha sumu, na aina ile ya sumu inayotapisha haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo saladi ya wali si mbaya, lakini wali ukishaiva utandaze kwenye trei pana ili upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au chini ya hapo. Usiuache kwenye sufuria kubwa usiku kucha ukisema asubuhi nitauchanganya.

Bado Najifunza:

Fundi, umenifungua macho kwenye trei ya moto. Sikuwahi kusikia.

Kijiko Tele:

Hakuna aliyegusa maharage na ndiyo rafiki wa mwenye kazi nyingi. Aina mbili au tatu za maharage, mahindi ya punje, kitunguu, hoho, mafuta, siki, kotimiri. Inakaa siku mbili kwenye friji na kila saa inazidi kuelewana. Inashibisha, haina maziwa wala yai, hata asiyekula nyama anakula.

Tahadhari ni moja. Maharage mekundu makavu yana lektini, sumu ya asili inayoweza kukutapisha hata ukila machache yasiyoiva. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, weka mapya, yatokote kwa nguvu. Dakika 10 ndiyo kima cha chini kinachotajwa sana, wengine wanataka 30, na mimi niko upande wa 30. Ile sufuria ya umeme ya kupika polepole isitumike kuyaanzisha yakiwa mabichi kwa sababu haifiki joto hilo. Ya kopo yameshapikwa, suuza tu.

Sina Oveni:

Uzi mzuri lakini umejaa oveni. Sisi wa jiko la gesi la plate mbili twende wapi? Biskuti tuziangalie kwa picha?

Fundi wa Unga:

Hapana bwana, umo. Kuna biskuti hazijui oveni kabisa.

Kwenye sufuria weka sukari 400 g, siagi 120 g, maziwa nusu kikombe, kakao vijiko vinne vya chakula. Koroga kwa moto wa wastani. Ikianza kutokota sawasawa, yaani mapovu yanapanda hata ukikoroga, hesabu dakika 1 kwa saa, usikisie. Epua, tia siagi ya karanga nusu kikombe, vanila na chumvi kidogo, kisha oti za kuiva haraka vikombe vitatu. Chota kwa kijiko, dondosha kwenye karatasi, acha zigande.

Siri yote iko kwenye ile dakika. Ukiepua mapema, maji ya maziwa yamebaki mengi, zitakaa laini za kunata vidole. Ukizidisha zinakauka na kumeguka kabla hujamaliza kuchota. Ndiyo maana oti na siagi ya karanga ziwe zimeshapimwa pembeni kabla ya kuwasha moto.

Kwa wenye oveni wanaotaka njia ya mkato zaidi: siagi ya karanga kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja, yai moja. Basi. Viringisha, gandamiza kwa uma, oka kwa 180 dakika 10 hadi 12. Hazina unga wa ngano hata chembe. Ziache kwenye trei dakika tano kabla ya kuzigusa. Zikitoka ni laini na zinavunjika, zikipoa zinashikamana. Hata biskuti nyingine usisubiri ziwe ngumu ndani ya oveni, maana trei inaendelea kuzipika nje.

Mzee wa Kulamba Sufuria:

Na lile donge bichi? Maana mimi hapo ndipo kwangu.

Zamu ya Jikoni:

Mzee, shikamoo, lakini hapana. Yai bichi unalijua. Kinachosahaulika ni kwamba unga wenyewe ni mbichi, nafaka imesagwa tu, haijapikwa. Mwaka 2016 kule Marekani watu kadhaa waliugua E. coli iliyofuatiliwa mpaka kwenye unga wa ngano. Lamba sufuria ya zile za kakao na oti, hizo zina yote yaliyopikwa au kuandaliwa kuliwa.

Mzee wa Kulamba Sufuria:

Marahaba. Nimehamia kwenye oti.

Bakuli Jeupe:

Karanga imetajwa mara nyingi na mzio haujatajwa hata mara moja. Mwenye mzio wa karanga haumwi tumbo tu, koo linaweza kufunga. Biskuti za karanga ziwe na sahani yake na koleo lake, mbali na zile za siagi, zipikwe mwisho ili unga wake usisambae, na kikaratasi kiandikwe: KARANGA. Ufuta, maziwa, mayai na ngano vivyo hivyo. Sahani moja ya mchanganyiko inapendeza kwenye picha, ila inamnyima mtu amani.

Kijiko Tele:

Umenena. Tena kikaratasi kinaondoa yale maswali ya "hiki kina nini?" ambayo mwenyeji anaulizwa mpaka chakula kinapoa.

Nina Wageni 30:

Wakuu, jina langu linajieleza. Watu 30, chakula kikuu kuna mtu mwingine anakileta, mimi nimeachiwa vya pembeni na biskuti. Niko peke yangu. Nipike kiasi gani, nianze lini? Naogopa kupungukiwa na naogopa kubakiwa.

Mwiko Mrefu:

Jina limetimia. Hesabu ya kawaida, ukiwa na vya pembeni vitatu, ni 120 g hivi kwa mtu kwa kila kimoja. Watu 30 mara 120 ni kilo 3.6. Kwa hiyo viazi kilo 3 kabla ya mayonezi na vikorombwezo, mchanganyiko wa maharage kilo 3 na nusu ukiwa tayari, na kabichi anza na kilo 4 kwa sababu ukishaikamua inasinyaa. Usiongeze cha nne. Vya pembeni vitano havishibishi kuliko vitatu, vinachafua vyombo vingi zaidi, na kila mtu anaonja kijiko kimoja kimoja halafu unabaki na mabakuli matano yaliyochokonolewa.

Biskuti, tatu kwa mtu, 90. Moja mbili tatu ya 600 g ukikata za 20 g inatoa 30. Zidisha mara tatu: sukari 300 g, siagi 600 g, unga 900 g. Fanya mabomba matatu ya ladha tofauti, yafunge, yaweke kwenye friza hata wiki mbili kabla. Donge lililofungwa vizuri linakaa hadi miezi mitatu. Siku moja kabla unayashusha kwenye friji yalainike kiasi cha kukatika, unaoka.

Maharage pika siku mbili kabla. Viazi siku moja kabla jioni. Kabichi kata na kukamua siku hiyo hiyo asubuhi, changanya saa moja kabla ya watu kufika. Kama kuna mayai ya kuchemsha, yaingize kwenye maji ya barafu mara tu yanapoiva. Ile rangi ya kijani kuzunguka kiini inatokana na kupikwa kupita kiasi, haina madhara lakini haipendezi.

Chumvi Kidogo:

Nimesoma yote. Bado niko upande wa mafuta na siki. Ila ile ya kunyunyizia siki viazi vikiwa vya moto nimeijaribu leo, nimenyamaza.

Nina Wageni 30:

Mungu awabariki. La mwisho: biskuti zinasafiri kwenye gari mpaka eneo la tukio. Nazifungaje zisifike zikiwa unga?

Fundi wa Unga:

Zipoe kabisa kwanza, mvuke ukifungiwa ndani kesho zimelegea. Chombo kigumu chenye mfuniko, zisimame kwa ubavu kwa safu zilizobanana, karatasi kati ya safu na safu, na ujaze nafasi iliyobaki juu kwa karatasi iliyokunjwa zisipate pa kurukia. Zile laini za oti zipande chombo chake. Ukizichanganya na za siagi, za siagi zinavuta unyevu na zote zinakuwa laini.

Na zitakazovunjika usizitupe. Ziponde, 200 g kwa siagi iliyoyeyushwa 90 g, gandamiza kwenye trei, igande kwenye friji, mwagia chokoleti juu, kata miraba.